Namna Inchi Inavyopotea na Namna Inavyobaki: Habari za Watawala wa Zamani wa Wales

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji)



Leo tunasema juu ya watawala na wakubwa wa zamani wa Wales, inchi ndogo ya milima iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Wenyeji wake ni Wawelisi, na lugha yao ni Kiwelisi, ambayo si Kiingereza hata kidogo. Tunajua wengine watauliza: juu ya nini tupoteze jioni yetu kwa wafalme wa Wazungu waliokufa miaka 700 iliyopita? Shida za nyumbani hazitutoshi?

Tunajibu hivi. Bula Matari, yule Stanley aliyeshuka mto wetu mpaka bahari mwaka 1877, akarudi mwaka 1879 kumjengea Leopold II vituo na kuwatia mashefu wetu alama juu ya makaratasi wasiyoweza kuyasoma, hakuzaliwa Marekani kama alivyopenda kusema. Alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Denbigh, kule Wales, na jina lake lilikuwa John Rowlands. Alikuwa mtoto wa watu maskini, akazaliwa karibu na kuta za ngome kubwa ya mawe, kisha akatupwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Na ngome ile ya Denbigh ilijengwa na wageni mahali palipokuwa makao ya Dafydd, mtawala wa Kiwelisi aliyeuawa mwaka 1283. Basi mtu aliyekuja kutufungulia mlango wa kutawaliwa alizaliwa chini ya kuta zilizojengwa kuwatawala wazee wake mwenyewe. Nani kati yetu hataki kujua habari ya kuta zile?

Tena Wawelisi ni watu wa kazi kama sisi. Katika karne ya 19 shaba iliyeyushwa katika mji wa Swansea kwa wingi kuliko karibu mahali pote duniani. Mwaka 1913, mahali paitwapo Senghenydd, moto ulilipuka ndani ya shimo la makaa ya mawe, na wachimbaji 439 wakafa siku moja. Kwa hiyo tunaposema habari zao, tunasema habari za wenzetu wa shimo.

SHERIA ILIKUJA KABLA YA NGOME

Zamani Wales haikuwa na mfalme mmoja. Zilikuwako nyumba nyingi za utawala. Kubwa zilikuwa tatu: Gwynedd kaskazini, penye milima mirefu, Powys katikati, na Deheubarth kusini. Kila nyumba ilikuwa na mtawala wake, askari wake, na washairi wake wa kumsifu.

Katika karne ya 10 alitokea mtawala jina lake Hywel. Alikwenda hija Roma mwaka 928, na kabla hajafa, karibu mwaka 950, alikuwa ameunganisha sehemu kubwa ya inchi. Watu walimwita Hywel Dda, maana yake Hywel Mwema. Wawelisi wanashika mapokeo kwamba yeye aliita wajuzi toka pande zote, wakakaa pamoja, wakapanga sheria za inchi. Vitabu vya sheria hizo tulivyo navyo leo viliandikwa baadaye, katika karne ya 13 na kuendelea, lakini vinabeba jina lake.

Sikilizeni namna ya sheria ile. Mtu akiua, ukoo wake ulilipa ukoo wa marehemu, ili damu isilipwe kwa damu bila mwisho. Mume na mke wakiachana baada ya miaka saba, mke alichukua nusu ya mali. Hata paka alikuwa na bei yake: peni moja tangu kuzaliwa mpaka afumbue macho, peni mbili mpaka aue panya, kisha peni nne. Msicheke. Inchi inayojua bei ya paka inajua pia kwamba mkubwa hawezi kuingia nyumbani mwa mtu na kuchukua anachotaka.

Hatusemi ilikuwa sheria ya usawa. Walikuwako watu huru, na walikuwako watu wa chini waliofungwa kwa shamba la bwana. Lakini ilikuwa sheria ya inchi yenyewe, katika lugha ya inchi, na mzee wa kijiji aliielewa. Shikeni neno hili, maana tutalirudia.

NYUMBA ILIYOGAWANYWA

Ndani ya desturi hizo lilikuwamo jambo lililoponza Wales. Baba akifa, wana wote waligawana urithi, hata mwana wa nje ya ndoa, kama baba alimkubali. Kwa shamba na ng'ombe ni haki. Lakini utawala ukigawanywa kama shamba, kila baba akifa ni vita ya ndugu.

Mwaka 1055 mtawala Gruffudd ap Llywelyn alipata kuitawala Wales yote. (Neno «ap» maana yake «mwana wa».) Ni yeye peke yake kati ya wafalme wa Wawelisi aliyefika hapo. Mwaka 1063 aliuawa, na waliomwua walikuwa watu wake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye Wanormani toka Ufaransa waliishika Uingereza, kisha wakubwa wao wakaanza kula mpaka wa Wales kidogo kidogo, bonde kwa bonde, kila mmoja na ngome yake.

Wako waliosimama. Wamama, sikieni habari ya Gwenllian, binti wa mtawala wa Gwynedd na mke wa mtawala wa Deheubarth. Mwaka 1136 mume wake alikuwa amekwenda kaskazini kutafuta msaada. Adui walipokuja, mama yule hakungoja. Alikusanya watu, akawaongoza mwenyewe vitani karibu na Cydweli, akafa huko pamoja na mwanawe. Mahali pale panaitwa shamba la Gwenllian mpaka leo. Mtoto wake mdogo, Rhys, alibaki mzima, akakua, akawa mkubwa wa kusini yote. Wakati wa Noeli mwaka 1176 Rhys aliwaita washairi na wapiga muziki katika ngome yake ya Aberteifi, wakashindana, na washindi wakapewa viti vya heshima. Mashindano ya namna hiyo yanafanywa Wales kila mwaka mpaka leo, na mshairi anayeshinda hupewa kiti.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 1170 alikufa Owain Gwynedd, mtawala hodari kuliko wote wa wakati wake. Mwanawe Hywel alikuwa askari na mshairi. Kabla mwaka haujaisha Hywel alikuwa ameuawa na ndugu zake wawili wa baba mmoja. Rhys naye alipokufa mwaka 1197, wanawe waliraruana mpaka Deheubarth ikawa vipande. Nani alifurahi? Yule aliyekaa ngomeni mpakani, akingoja. Wazee wanasema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kule Wales mgeni alichukua kapu wakati ndugu wangali wanagombana.

LLYWELYN MKUBWA

Mtu aliyeona ugonjwa huu ni Llywelyn ap Iorwerth, mjukuu wa Owain Gwynedd. Wawelisi wanamwita Llywelyn Fawr, ndiyo kusema Llywelyn Mkubwa. Yeye mwenyewe alipata utawala kwa kuwashinda baba zake wadogo, basi aliyajua mambo ya nyumba iliyogawanywa. Mwaka 1205 alimwoa Joan, binti wa nje wa mfalme John wa Uingereza. Mwaka 1211 mfalme huyo alimletea vita na kumbana milimani, na Joan ndiye aliyekwenda kwa baba yake kuomba masharti ya amani. Masharti yalikuwa mabaya, lakini nyumba ilipona.

Llywelyn hakukaa akilia. Wakubwa wa Uingereza walipomwasi John, yeye alipatana nao. Mwaka 1215 mfalme alipolazimishwa kutia muhuri ile barua kubwa ya haki, Magna Carta, ndani yake yaliandikwa maneno ya kuwarudishia Wawelisi ardhi waliyonyang'anywa bila hukumu, na kumrudisha mwana wa Llywelyn aliyeshikwa rehani. Mwaka 1216, mahali paitwapo Aberdyfi, Llywelyn aliwakusanya watawala wa Deheubarth wenye kugombana, akawagawia ardhi kwa shauri la pamoja, nao wakakubali. Huo ndio ukubwa: kuwaketisha ndugu chini na kumaliza shauri kabla mgeni hajaitwa kulimaliza.

Alitaka pia kukata mzizi wa ugonjwa. Alisema mrithi awe mmoja tu, Dafydd, mwana wa Joan, na mwaka 1238 aliwaita watawala wote wamwapie. Lakini alikuwa na mwana mkubwa wa mama mwingine, Gruffudd. Huyo alinyimwa, akafungwa, na mwisho akaangukia mikononi mwa mfalme wa Uingereza, aliyemweka katika ngome kubwa ya London. Mwaka 1244 Gruffudd alijaribu kutoroka kwa kamba ya mashuka. Kamba ikakatika, akaanguka akafa. Miaka miwili baadaye Dafydd naye akafa bila mtoto. Ndivyo mpango wa Llywelyn Mkubwa ulivyokwisha. Umoja ulioletwa na mtu mmoja ulikufa pamoja na watoto wake.

LLYWELYN WA MWISHO NA NDUGU YAKE

Wana wa yule Gruffudd aliyeanguka walikuwa wanne, na tunataka mshike majina ya wawili: Llywelyn na Dafydd. Mwaka 1255 Llywelyn alipigana na ndugu zake Owain na Dafydd, akawashinda. Owain alikaa kifungoni zaidi ya miaka 20. Dafydd alisamehewa. Kisha Llywelyn akaunganisha karibu Wales yote, na mwaka 1267, katika mapatano ya Montgomery, mfalme Henry III alimkubali kuwa Mkuu wa Wales. Hakuna mtawala wa Kiwelisi mwingine aliyepata neno hilo toka kwa mfalme wa Uingereza.

Lakini heshima ile ilikuwa na bei: marki 25,000, na marki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni. Nani alilipa? Mtawala hana mashine ya kutengeneza fedha. Walilipa watu wa shamba, wenye ng'ombe wawili watatu. Baada ya kufa kwake watu wa Gwynedd walisimama na kusema wazi juu ya kodi na taabu alizowaletea. Sisi hatufichi neno hili. Mtu anaweza kupigania inchi kwa moyo wote, na wakati uleule akawakamua watu wa inchi mpaka wachoke naye.

Dafydd alimtoroka ndugu yake mwaka 1263, akaenda kwa Waingereza. Akarudi. Mwaka 1274 alipanga na mkubwa wa Powys kumwua Llywelyn usiku. Theluji na tufani ndizo zilizozuia. Mambo yalipojulikana, akakimbilia tena Uingereza, kwa mfalme mpya, Edward I. Llywelyn akakataa kwenda kumwapia Edward, akisema hawezi kumwapia mtu anayewatunza waliotaka kumwua. Mwaka 1277 Edward alileta vita. Askari wake wa miguu walikuwa zaidi ya 15,000. Wandugu, kati yao karibu 9,000 walikuwa Wawelisi! Zaidi ya nusu ya jeshi lililokuja kuishika Wales lilikuwa la watoto wa Wales, walioitwa na wakubwa wao au kwenda kwa kutafuta posho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Llywelyn alibakizwa na milima yake tu. Dafydd alipewa zawadi ya ardhi, na Denbigh ndani yake. Ndiko alikojifunza nini maana ya kuwa rafiki wa mshindi. Wakubwa wa serikali ya mfalme walimdharau, wakamwita kwenye baraza zao, wakakanyaga sheria ya Hywel mbele ya macho yake. Siku ya Matawi ya mwaka 1282 Dafydd aliwasha vita mwenyewe, na Llywelyn, aliyesalitiwa naye mara tatu, akasimama upande wake.

Askofu mkuu wa Canterbury alikuja kupatanisha. Llywelyn aliahidiwa kwa siri ardhi katika Uingereza, yenye mapato ya pauni 1,000 kwa mwaka, kama akiacha Gwynedd. Alikataa, na wenyeji wa milima wakajibu pamoja naye kwamba hawatamwapia mgeni ambaye hawaijui lugha yake, wala desturi zake, wala sheria zake. Tarehe 11 Desemba 1282 Llywelyn alitengana na jeshi lake karibu na Cilmeri. Askari mmoja alimwua bila kumjua. Kichwa chake kilipelekwa London, kikawekwa juu ya ngome watu wakione. Mwaka 1283 Dafydd alikamatwa, na waliomkamata walikuwa watu wa lugha yake mwenyewe. Tarehe 3 Oktoba, katika mji wa Shrewsbury, aliburutwa na farasi, akanyongwa, na mwili wake ukakatwa vipande vinne.

Llywelyn aliacha mtoto mmoja, Gwenllian, aliyezaliwa mwaka uleule 1282. Mama yake alikufa kwa kumzaa. Mtoto huyo alipelekwa katika nyumba ya masista kule Sempringham, mashariki ya Uingereza, ili asiolewe na kuzaa mrithi. Alikaa humo mpaka kifo chake mwaka 1337. Wana wawili wa Dafydd walifungwa katika ngome ya Bristol. Mmoja alikufa humo mwaka 1287. Mwingine, Owain, alikuwa akifungiwa usiku ndani ya kizimba cha mbao na chuma, akazeeka kifungoni.

NGOME NA MSHAHARA WAKE

Baada ya ushindi Edward alijenga ngome kuzunguka milima: Conwy, Caernarfon, Harlech, na baada ya uasi wa mwaka 1294, Beaumaris. Leo watalii wanatoka mbali kuzitazama, na tangu 1986 zimeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Conwy ilijengwa mahali pa nyumba ya watawa alipozikwa Llywelyn Mkubwa. Watawa waliondoshwa ili kuta zipate nafasi.

Lakini sisi watu wa kazi tunauliza: nani aliyejenga? Msimamizi wa Beaumaris, fundi James wa St George, aliandika barua mwaka 1296. Alihesabu watu aliohitaji: mafundi wa mawe 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, tena wahunzi, maseremala, magari na mashua. Katika barua ileile alisema mishahara imechelewa sana, na ni vigumu kuwashika watu kazini, kwa sababu hawana cha kula. Basi ngome ya kuwaonea Wawelisi ilijengwa juu ya njaa ya vibarua. Mfalme hakuimaliza hata hivyo. Mpaka leo kuta zake ni fupi kuliko zilivyochorwa.

Kando ya kila ngome ulijengwa mji wenye ukuta. Ndani walikaa Waingereza walioletwa kufanya biashara. Mwelisi hakukubaliwa kuwa mwenyeji mwenye haki katika mji ule, na alilazimishwa kuleta bidhaa zake kwenye soko lao. Wazee wetu wanaokumbuka Elisabethville ya wakati wa Wabelgiji, mji wa Wazungu huku na site ya watu weusi kule, hawahitaji kuelezwa zaidi. Na mwaka 1284 mfalme alitoa amri ya utawala mpya pale Rhuddlan: sheria ya Uingereza kwa makosa makubwa, na sheria ya Hywel ikabakizwa kwa sehemu tu ya mashauri ya watu.

OWAIN GLYNDŴR

Karne moja na zaidi ikapita. Wakubwa wengi wa Kiwelisi walizoea, wakafanya kazi za mfalme, wakapata mashamba. Mmoja alikuwa Owain Glyndŵr, wa damu ya watawala wa Powys na Deheubarth. Alisoma sheria London, akapigana upande wa mfalme kule Scotland, akawa na nyumba nzuri pale Sycharth. Lakini jirani yake Mwingereza, Lord Grey wa Ruthin, aligombana naye juu ya ardhi, na Owain hakupata haki. Tarehe 16 Septemba 1400 watu wake walimtangaza Mkuu wa Wales.

Serikali ilijibu kwa sheria kali, 1401 na 1402: Mwelisi asinunue ardhi katika miji ya Waingereza, asibebe silaha, asishike kazi ya ukubwa, watu wasikusanyike bila ruhusa, na hata Mwingereza mwenye mke wa Kiwelisi akazuiwa cheo. Lakini sheria ile iliongeza kuni motoni. Wabunge wa Uingereza walilalamika kwamba wanafunzi wa Kiwelisi wanaacha chuo cha Oxford, na vibarua wa Kiwelisi wanaacha kazi katika mashamba ya Uingereza, wanarudi kwao kujiunga na Owain. Fikirini hilo, wandugu. Mwenye kitabu na mwenye jembe walishika njia moja.

Mwaka 1404 Owain alikuwa ameshika ngome za Harlech na Aberystwyth, akaita baraza la inchi pale Machynlleth, akafanya mapatano na mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1406 aliandika barua toka Pennal, akitaja anachotaka kwa inchi yake: kanisa lisilo chini ya Canterbury, na vyuo vikuu viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini. Katikati ya vita, na nyumba yake imekwisha kuchomwa, mtu yule alikuwa akiwaza shule.

Alishindwa. Wafaransa walikuja, wakarudi kwao. Harlech ilianguka mwaka 1409, na mke wake Margaret na mabinti wakapelekwa London kifungoni. Inchi yenyewe ilikuwa imechomwa na pande zote mbili. Tangu 1412 Owain hakuonekana tena wazi. Mwaka 1415 mfalme mpya alikuwa tayari kumsamehe; hakujitokeza. Na katika miaka yote ile ya njaa hakuna mtu aliyemtoa. Dafydd alikamatwa na watu wa lugha yake. Owain alifichwa na watu wa lugha yake. Hapo Wawelisi walikuwa wamejifunza.

MTOTO WA NYUMBANI JUU YA KITI CHA MGENI

Wengine watasema: dawa si vita, dawa ni mmoja wetu apate kiti kile kikubwa. Wales ilijaribu dawa hiyo pia. Ednyfed Fychan alikuwa msimamizi mkuu wa Llywelyn Mkubwa, na uzao wake ndio ukoo wa Tudor. Mmoja wa uzao huo, Henry Tudor, aliyezaliwa katika ngome ya Pembroke, Wales, alishuka pwani ya Wales mwezi wa Agosti 1485. Wawelisi wengi wakamfuata chini ya bendera ya joka jekundu. Tarehe 22 Agosti alishinda vita ya Bosworth, akawa mfalme wa Uingereza, Henry VII. Washairi wakaimba kwamba siku imefika.

Naam, wakubwa wachache walipata vyeo London. Lakini mwana wake, Henry VIII, ndiye aliyetia Wales ndani ya Uingereza kabisa, kwa sheria za 1536 na 1543. Sheria ya Hywel ilikwisha. Lugha ya baraza ikawa Kiingereza, na Mwelisi asiyejua Kiingereza hakuweza kushika kazi ya serikali katika inchi yake. Yaani jambo ambalo Edward hakulimaliza kwa ngome zake zote, lilimalizwa na mjukuu wa Wawelisi. Kiti kina tabia yake. Ukimweka ndugu yako juu ya kiti bila kubadili kiti, mara nyingi kiti kinambadili ndugu.

KILICHOBAKI

Basi nini kilibaki? Watawala walikwisha. Ardhi yao iligawanywa. Ngome zilikuwa za adui. Kilichobaki ni kile watawala walichokiacha mikononi mwa watu wadogo: lugha, nyimbo, kumbukumbu ya sheria, na wazo la shule. Mwaka 1588 Biblia nzima ilitolewa katika Kiwelisi na William Morgan, na mwanamke wa kijijini akaisikia kanisani katika lugha aliyonyonya.

Na vile vyuo viwili vya Owain? Chuo cha Aberystwyth kilifunguliwa mwaka 1872, kwa michango ya watu wa kawaida wakipita nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa. Chuo cha Bangor, kaskazini, kilifunguliwa mwaka 1884, na wachimba mawe wa milima ile walikatwa sehemu ya mshahara wao wenyewe, kwa hiari yao, ili kijengwe. Wandugu wa shimo, lisikieni vizuri. Mtawala aliandika barua mwaka 1406 akitaka chuo. Wachimbaji ndio waliolipa, miaka karibu 480 baadaye. Na kanisa lisilo chini ya Uingereza, alilolitaka katika barua ileile, likapatikana mwaka 1920.

Mwaka 1997 Wawelisi walipiga kura kama wanataka baraza lao wenyewe. Waliosema ndiyo waliwazidi waliosema hapana kwa kura 6,721 tu, kati ya kura zaidi ya 1,100,000. Baraza likafunguliwa mwaka 1999, na tangu 2020 jina lake ni Senedd, yaani bunge. Lugha nayo haijapona kabisa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, waliosema wanajua Kiwelisi walikuwa karibu 538,000, chini ya mtu mmoja katika watano. Lakini inafundishwa katika shule zote za serikali, na inasemwa bungeni.

Sasa tumalize. Hatukuwaletea habari hizi ili mwasifu wafalme. Walikuwako wema na wakali, na mara nyingi mtu mmoja alikuwa yote mawili. Tumezileta ili tuwe na maswali matatu ya kumwuliza kila anayetaka kutuongoza, mkubwa wa inchi au kapita wa kumi.

La kwanza: je, anawaketisha ndugu pamoja kama Llywelyn Mkubwa pale Aberdyfi, au analea ugomvi wao apate kula? La pili: heshima yake nani anailipa? Zile marki 25,000 zilitoka mfukoni mwa nani? La tatu: akifa kesho, ataacha nini mikononi mwetu kisichokufa naye?

Na swali moja linatupasa sisi wenyewe. Wale askari 9,000 wa mwaka 1277 hawakuwa watawala. Walikuwa watu kama sisi, wenye njaa na watoto. Wachimba mawe wa Bangor nao walikuwa watu kama sisi, wenye njaa na watoto. Wa kwanza walimsaidia mgeni kuishika inchi yao. Wa pili waliijengea inchi yao shule kwa senti zao. Tukipewa mshahara wetu mwisho wa mwezi, tuwakumbuke wote wawili, na tuchague.